Kinyama Alichokibeba Mwenyewe

"Kilikuwa kinasubiri nini?"

Niliulizwa hivyo na mgonjwa mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kiti changu cha kazi, jicho lake likiwa limetoka tu kwenye hadubini. Sasa nimestaafu kwa hiari, umri ukiwa bado haujanipinda mgongo, na nina asubuhi nzima za kutafakari nipendalo, lakini jibu sijalipata. Nimesoma ninachoweza kukisoma. Nimewauliza wanaonizidi elimu, nao, kwa maneno mazuri sana, wamenirudishia swali lenyewe.

Nitafika kwake. Ninyi mliobaki katika maabara ya vinyama mliniomba niandike mambo ya kazi kabla hayajanitoka kichwani, na kazi ina mwanzo wake.

Nilifika Karatu nikitoka chuo kikuu, binti wa Rombo mwenye shahada mpya na koti jeupe lililopigwa pasi. Nilitarajia mashine zinazowaka taa. Nilionyeshwa chumba kilicho nyuma kabisa ya hospitali, kati ya dobi na chumba cha maiti, chenye meza ya terazo, mikrotomu, mashine ya kukatia, ya kuzungushwa kwa mkono, sufuria ya nta juu ya jiko la umeme, na mwanamume mmoja wa Mbulu aliyeitwa Tarmo, ambaye hakuinua kichwa.

"Funga mlango," alisema. "Vumbi."

Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho. Niliudhika. Baada ya muda nilielewa kwamba udongo mwekundu wa Karatu ni mshiriki wa kudumu wa maabara ile. Unaingia dirishani, unapita chini ya mlango, unatua kwenye kioo na kujifanya ugonjwa. Bwana Tarmo aliuchukia kama watu wengine wanavyomchukia jirani mchawi.

Alinifundisha kazi kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo. Kinyama kikifika, yaani kile kipande kidogo cha mwili kilichokatwa ili kipimwe, kwanza uhakikishe kimelala ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhia, ya kutosha. Kisha kinakaushwa kwa alkoholi, kinazamishwa katika nta ya moto, kinaganda kuwa kipande kama cha sabuni, ndipo mikrotomu inakikata kuwa ukanda mwembamba kiasi kwamba ukipumua juu yake unaruka. "Bana pumzi," alikuwa akisema. Nikabana. Ukanda unaelea juu ya maji ya uvuguvugu, unauopoa kwa kioo, unautia rangi, na daktari bingwa anayekuja kwa zamu anausoma. Mkono unaotetemeka utafundishika. Mtu asiyeweza kukaa kimya atafute wodi.

Kwa nini formalini, na kwa nini haraka? Nilijua jibu la kitabuni, nikampa. Bwana Tarmo alinisikiliza hadi mwisho, akaenda zake. Kesho yake alikuja na nyama ya ng'ombe na papai bichi kutoka Mto wa Mbu. Akakata vipande viwili. Kimoja alikitia formalini, cha pili akakipaka utomvu mweupe wa lile papai na kukiacha kwenye sahani. Siku iliyofuata akanikabidhi kijiti. Kile cha formalini kilikuwa kigumu kama mpira. Kile cha pili kiliachana nyuzi kwa kuguswa tu.

"Kimetafunwa," alisema. "Umeona meno?"

"Sijaona."

"Basi mwili wako umejaa utomvu wa namna hiyo. Ukiwa hai, unashikiliwa. Kipande kikishakatwa, hakuna wa kuushikilia, kinajila chenyewe. Sisi tunatakiwa kuwahi kabla hakijamaliza."

Mengi niliyokuja kuyajua baadaye juu ya saratani ya mapafu yaliingia kupitia sahani ile. Seli ya saratani haina meno wala kucha. Inazaliwa upande mmoja wa utando mwembamba unaotenganisha tabaka la ndani la njia za hewa na tishu iliyo chini yake, na kama ingebaki hapo, wengi wangefanyiwa upasuaji na kurudi shambani. Kinachoua zaidi ni safari yake. Ili isafiri, inapaswa kuyeyusha utando huo, kisha tishu, kisha kuta za mishipa. Na kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vinavyokata protini, vinavyofanya kazi kama utomvu wa papai. Vimeng'enya hivyo si wavamizi. Mwili huvitumia kila siku kuunga vidonda, kubomoa mahali panapohitaji kujengwa upya. Jambo lililonisumbua kuliko mengine ni kwamba seli ya saratani mara nyingi haivitengenezi vyote yenyewe. Hushawishi seli nzima zilizo jirani, zile za uponyaji na za ulinzi, ziitengenezee. Majirani wema wanabomoa ukuta wakidhani wanatibu jeraha. Wataalamu walijaribu dawa za kuvizuia vimeng'enya hivyo kwa jumla, na matokeo hayakufikia matumaini. Pengine kwa sababu ni vigumu kumfunga mikono mharibifu bila kumfunga fundi, ikiwa wote wawili wanatumia mikono ileile.

Msitegemee kukiona kimeng'enya kwa rangi zetu za kawaida. Mtaona pengo: utando umenyooka, umenyooka, halafu haupo. Nimeishi kwa kutazama mapengo.

Niseme jambo ambalo halimo katika miongozo. Kazi hii ni ya upweke, na sidhani kama vijana huambiwa. Hakuna mgonjwa anayefika kwenye mlango wetu. Nimeshika tezi, matiti, kingo za matumbo ya watu wa wilaya nzima, kisha nikapita katikati yao siku ya mnada nikichagua vitunguu, nisimjue hata mmoja. Bwana Tarmo alistaafu akarudi Mbulu, na salamu zake zilikuwa fupi kama mazungumzo yake, hadi zilipokoma kabisa. Kwenye kantini harufu ya formalini ilinitangulia. Wauguzi walikuwa na adabu, walisogea kidogo tu. Niliwahi kuolewa. Tuliachana bila kelele na bila mtoto, na maneno ya mwisho ya maana aliyoniambia mume wangu ni kwamba naishi kama mtu aliyebana pumzi. Hakujua kuwa ndivyo nilivyofundishwa.

Katika mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja Lekishon.

Alikuwa mwanamume wa Olbalbal, shuka jekundu, viatu vya matairi, na kopo la plastiki alilolishika kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa na kikohozi cha muda mrefu, kivuli kwenye picha ya pafu, na tezi lililovimba juu ya mfupa wa bega. Alikuwa ametumia dawa za kifua kikuu na hakupata nafuu, ingawa kifua kikuu hakikuwahi kuonekana kwenye makohozi yake. Katika kituo kimoja cha afya kule chini, daktari aliyekuwa akipita alikata kipande cha tezi, akakitia kwenye kopo na kumpa mwana alilete Karatu. Swali lilikuwa moja na zito: ikiwa tezi lile lilikuwa la kifua kikuu, mama angeweza kupona kwa dawa sahihi. Ikiwa ni saratani iliyotoka pafuni, basi ilikuwa tayari njiani.

Rehema, msaidizi wangu, alifungua kopo na kunusa. Akanitazama.

"Mama, hii si formalini."

"Ni maji," Lekishon alisema kwa fahari kidogo. "Ile dawa ilikuwa inachoma macho. Ndani ya gari watu walianza kelele, wakasema nimebeba maiti. Dereva akataka kunishusha pale kwenye lango la hifadhi. Nikaimwaga, nikaweka maji safi."

"Maji gani, kaka yangu?"

"Ya dukani. Yana muhuri. Sikuweka ya bwawani, mimi si mshamba."

Rehema aligeukia ukutani, na mabega yake yalikuwa yakicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilishakigusa kipande kwa koleo. Kilikuwa kimelegea kama kile cha sahani ya papai. Tulikitengeneza hivyohivyo, na kwenye kioo kulikuwa na ukungu wa waridi usio na mipaka: seli zilikuwa zimejimaliza zenyewe njiani, na kama kulikuwa na adui ndani yake, aliyeyuka pamoja na wenyeji. Hatukuwa na jibu.

Koko Noonkishu (koko ni bibi kwa Kimaasai), ndiye mama yake, aliletwa Karatu ili akatwe kipande kingine. Alikataa. Daktari wa wodi, kijana mpole mwenye maneno mengi, alimweleza umuhimu wa kipimo kwa muda mrefu. Lekishon akatafsiri Kimaasai kwa maneno yasiyozidi pumzi moja. Koko akatazama dirishani. Daktari aliishiwa maneno, akaja kuniita, jambo lisilo la kawaida. Nilikwenda wodini nikijihisi kama mtu aliyetoka shimoni.

Nilimwinamia, nikasema kwa Kiswahili cha polepole, "Koko, kipande cha kwanza kiliharibika."

Lekishon alifungua mdomo atafsiri. Mama yake akainua kiganja kumzuia.

"Nimeuza maziwa hapa Karatu tangu huyu hajazaliwa," alisema, Kiswahili chake kikikwaruza lakini kikiwa kamili. "Mnadhani niliuza kwa ishara? Kiliharibikia wapi?"

"Njiani."

"Njia ina jina?"

Alimtazama mwanawe, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi na fundo la shuka lake.

"Ina jina," Koko alisema. "Nilimpa mimi mwenyewe. Haya, kateni. Lakini safari hii nitakibeba mwenyewe."

Nilidhani ni mzaha. Kesho yake mlango wa maabara uligongwa, nikafungua, na pale kwenye ujia kati ya dobi na chumba cha maiti alisimama mwanamke mrefu, mwembamba, plasta shingoni, muuguzi nyuma yake akiomba radhi kwa macho. Mikononi alikuwa na kopo, formalini imejaa hadi juu. Alikuwa mgonjwa wa kwanza kuvuka kizingiti kile kwa miguu yake. Wengine wote, katika miaka yangu yote, walipita na kuelekea chumba cha pili.

"Inanuka kweli," alisema. "Hapo mwanangu hakudanganya. Nikae wapi?"

Akakaa. Alitaka kujua kila chombo, na kila alipoelewa kimoja alitoa sauti fupi ya koo, kama mtu anayehesabu mbuzi wake na kukuta wote wapo. Siku zilizofuata, wakati kipande kikipita katika alkoholi na nta, alikuja tena, kwa sababu wodini, alisema, watu walikuwa wakilala mchana kama watoto. Aliniuliza kwetu ni wapi, kama wazazi wangu wako hai, watoto ni wangapi. Nilipomjibu hilo la mwisho hakusema pole. Aliuliza, "Sasa jioni unaongea na nani?" Nikamwambia nina redio. Akafikiri, akaniuliza kama redio nayo inaniuliza chochote.

Kioo kilipokuwa tayari, daktari bingwa alikisoma. Ilikuwa saratani ya pafu, imo ndani ya tezi, na picha mpya zilionyesha imeshafika kwenye mifupa ya mgongo.

Lekishon aliambiwa kwanza, ndivyo ilivyo desturi kwetu, sipendi lakini ndivyo ilivyo. Alinifuata uani.

"Mama, nakuomba. Usimwambie. Daktari nimeshamwomba. Mimi nitampeleka hospitali kubwa mjini, nitamwambia ni kifua kikuu sugu. Ukimwambia ukweli atakufa kesho."

"Na akiuliza?"

"Atamwuliza mwanawe."

"Mwanawe atamwambia nini kule mjini, mwezi ukipita, na nywele zikianza kutoka?"

Alikuwa mtu mzima, mwenye wake na watoto, na alikuwa akilia kwa namna ya wanaume wa kwao, uso ukiwa mkavu. Sikuweza kumdharau. Alikuwa amepoteza kipande kimoja cha mama yake kwa sababu ya kelele za abiria. Hakutaka kumpoteza aliyebaki kwa sababu ya neno. Lakini mama ndiye aliyekuwa na siku chache za kutumia, na hakuna aliyekuwa amemwuliza angependa kuzitumia wapi.

Majibu si ya fundi wa maabara kuyatoa, nanyi mnalijua hilo. Msije mkanitolea mfano vibaya. Nilirudi kwa yule daktari kijana nikamwambia Koko anaelewa Kiswahili, na kwamba mgonjwa aliyekibeba kinyama chake mwenyewe hawezi kunyimwa habari zake. Mwishowe alisema, "Nitamwambia mimi. Lakini uwepo, dada. Nikipotea kwenye maneno, unishike."

Mchana ule tuliketi maabara, yeye, mimi, Koko na mwanawe, Rehema akiwa mezani kwake. Daktari alimwambia kwa maneno machache kuliko nilivyotarajia. Koko akaomba kuona. Nilimwekea chini ya hadubini kioo cha kipande cha pafu cha mtu mwingine tulichokitunza kufundishia, mahali ambapo utando unaonekana vizuri, kisha unakatika.

"Huu ni ukuta?"

"Ni ukuta, Koko. Ugonjwa ulikuwa upande huu."

"Na hapa nani amebomoa?"

Nikamweleza juu ya utomvu unaoyeyusha, na juu ya majirani wanaosaidia bila kujua. Alisikiliza bila kuondoa jicho. Aliuliza kama ni kwa sababu ya moshi wa kupikia ndani ya nyumba. Daktari akasema moshi unaweza kuchangia, lakini kwake yeye hatuwezi kujua kwa hakika. Ndipo alipoinua kichwa na kuuliza lile swali. Kama ukuta ulikuwepo siku zote, na utomvu ulikuwepo siku zote, kilikuwa kinasubiri nini?

Daktari alinitazama nimshike. Sikuwa na mkono wa kumshikia.

"Hamjui," Koko alisema, si kwa lawama. "Sawa. Sasa nitajua ninachoweza kujua. Huko mjini nitapona?"

"Hapana, mama," daktari alisema. "Dawa zinaweza kukuongezea muda kidogo. Zinaweza pia kukuchosha. Maumivu tutayatuliza popote utakapokuwa. Kwa njia zote mbili nitakuwa nawe."

Lekishon aliruka. "Yeyo, mama yangu, tutakwenda mjini! Nimeshaongea na watu!"

"Ongea nao tena, uwaambie wasingoje." Akamgeukia mwanawe. "Ng'ombe wapo Malambo wanafuata majani. Mvua ikinyesha watarudi, na mimi nitakuwa Olbalbal. Na wewe hutamwambia mtu kwamba nina kifua kikuu sugu."

"Nani amekuambia..."

"Una sauti kubwa uani. Ulirithi kwa baba yako." Rehema alikohoa ili asicheke. "Watu wetu nitawaambia mwenyewe. Kesho."

Mwanawe alibisha hadi jua likaegemea milima. Alimwita daktari shahidi, akaniita mimi shahidi, akasema boma zima litamlaani kwa kumrudisha mama bila kumtibu. Koko alimwacha amalize, kisha akamwambia kwamba laana hiyo ataijibu yeye akiwa bado na mdomo, na kwamba hiyo ndiyo faida ya kwenda sasa. Hapo Lekishon aliketi chini, kwenye sakafu yangu ya terazo, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake. Sisi wengine tulitoka nje, tukasimama kati ya dobi na chumba cha maiti, tukitazama mashuka yanavyokauka. Daktari aliniuliza kama tumefanya sawa. Nilimwambia kwamba katika chumba chetu hatuulizwi maswali ya namna hiyo, na kwamba nilikuwa nimeanza kuona ni hasara kiasi gani.

Kabla ya kuagana jioni ile niliuliza kama kuna nafasi kwenye gari la kurudi Olbalbal. Koko alisema ipo, kama harufu yangu haitasumbua abiria.

Asubuhi tuliondoka kwa pikapu ya jirani yao, Koko mbele, mimi na Lekishon nyuma juu ya gunia la unga. Nilikuwa na chupa ya morfini ya maji ya kutuliza maumivu kutoka kwa mfamasia, na kikombe cha kupimia nilichokizungushia mkanda wa maabara kuonyesha kipimo. Langoni walitupitisha. Ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa mzito hata dereva akawasha taa. Tulipoteremka upande wa pili ukungu uliisha ghafla, na Olbalbal ikalala mbele yetu, pana, kavu, ya rangi ya majivu. Tulipokaribia Lekishon alinivulia shuka lake la juu nijifunike kwa sababu ya vumbi.

Watu walikuwa wametuona tangu mbali. Wanawake walitoka, watoto wakaja kuinamisha vichwa, Koko akawagusa utosi mmoja baada ya mwingine bila haraka. Alikataa kuingia ndani. Aliomba kiti kitolewe nje, akaketi mgongo ukiwa wima, nami nikampimia dawa, akainywa na kukunja uso. Mzee mmoja akamgeukia Lekishon na kumwuliza jambo. Nadhani aliuliza hospitali wamesema nini.

Lekishon alimtazama mama yake, akarudi nyuma hatua, akakaa pamoja na wengine.

Koko alianza kuongea. Aliongea Kimaasai, kwa muda mrefu, mkono mmoja ukiwa kifuani, kisha shingoni, kisha nyuma mgongoni, akiifuata ile safari yote. Hakuna aliyenitafsiria. Sikuelewa hata neno moja, na hakuna aliyenitazama; nilisimama kando ya pikapu nikiwa na kikombe mkononi. Mwanamke mmoja alijifunika uso. Koko akamwita kwa jina, akamngoja afunue, ndipo akaendelea.